Kitoweo cha Katumba Songwe: Ni Nani Aamuaye Nyama Gani Iingie Chunguni?

Katika vikao vingi vinavyozungumzia mifugo, takwimu mbili hazikosi kutajwa. Ya kwanza ni kwamba Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na kwa idadi hiyo imo katika safu ya mbele barani Afrika. Ya pili ni kwamba Mtanzania hula kwa wastani kilo 15 hivi za nyama kwa mwaka, ilhali kiwango kinachotajwa kila mara kuwa ndicho kifaacho ni kilo 50. Zikisha kutajwa mbili hizo, msemaji hufunua ukurasa wa pili wa hotuba yake na kutangaza dawa: wananchi wahamasishwe kula nyama. Wajumbe hupiga makofi, na kikao huendelea na ajenda inayofuata, ambayo aghalabu ni chakula cha mchana.

Tunaomba radhi kutofautiana na dawa hiyo. Katika miaka yetu ya kuwatumikia wananchi, visiwani na bara, hatujapata kumkuta mtu mzima mwenye afya na fedha mfukoni ambaye ameiacha nyama kwa kukosa kuhamasishwa. Waliopo ni watu ambao hawakuwa na fedha siku ile, au walikuwa nazo wakamkuta mwenye bucha hakuchinja, au walikuta amechinja lakini hawakuiamini nyama yake, au nyama iliyokuwapo ni ile ambayo dini yao au mila yao haiwaruhusu. Mambo haya manne ni tofauti, na kila moja lina dawa yake. Kuyachanganya na kuyaita "utamaduni duni wa kula nyama" ni kumtukana mwananchi kwa umaskini wake.

Ili maneno yetu yasielee hewani, tumechagua mahali pamoja. Msomaji wa Unguja na Pemba huenda akawa hajapata kuisikia Katumba Songwe. Ni kata ya Wilaya ya Kyela, katika Mkoa wa Mbeya, kwenye uwanda wa ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mto Songwe ndio mpaka, na ng'ambo yake ni Malawi, kwa Wangonde wa Karonga, ambao kwa lugha na nasaba ni ndugu wa Wanyakyusa wa upande huu. Mvua ni nyingi mno, joto ni la bondeni, na mito ishukayo kutoka milima ya Rungwe hufurika karibu kila masika. Mchele wake unajulikana hadi Dar es Salaam, na asiyekuwa mwaminifu huuza mchele wa kwingine kwa jina la Kyela. Ipo migomba, ipo michikichi, na ipo mikakao, kwa kuwa sehemu kubwa ya kakao ya nchi hii hutoka Kyela. Kwa ufupi, si mahali pa njaa. Kwa hiyo panafaa kwa swali letu: watu wasiokosa wali, huchagua vipi kitoweo cha kulia wali huo?

Hapa panahitajika neno moja juu ya lugha. Sisi wa visiwani tukisema mboga tuna maana ya mchicha na bamia. Bara, na hasa nyanda za juu kusini, mboga ni chochote kinachoshushia ugali au wali, hata kikiwa paja la ng'ombe. Mgeni kutoka Chake Chake akiulizwa "leo mboga gani?" hujibu kwa kutaja majani, na mwenyeji wake humwonea huruma. Tumelitaja hili kwa sababu ndani yake mna fikra ya msingi ya uchumi. Kwa mama wa Katumba Songwe, nyama ya ng'ombe, nguruwe, kuku, usipa na maharagwe ni mboga zote, nazo zinashindana kwa shilingi ileile. Ofisi zetu zina idara ya mifugo peke yake, idara ya uvuvi peke yake, na idara ya kilimo peke yake. Chungu hakina idara.

Tuchukue mfano wa mama mwenye shilingi elfu mbili za mboga na watoto watano. Akienda buchani atakuta mizani, na mizani husema kilo, nusu au robo. Fedha zake hazifiki robo, au zikifika, robo hiyo ikigawanywa kwa watu saba itakuwa ni harufu tu. Akigeuka upande wa pili wa barabara atamkuta muuza usipa, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa waliokaushwa juani, ambao hawapimwi kwa mizani bali kwa fungu na kwa kopo. Fungu lina bei ya kila mfuko. Linapungua ukubwa fedha zikipungua, lakini mnunuzi haondoki mikono mitupu wala haaibiki mbele ya watu. Usipa hauhitaji jokofu, hauhitaji mafuta mengi, na ukichanganywa na nyanya hufanya mchuzi wa kutosha sahani saba. Basi mama huyo ananunua usipa, na karani wa takwimu anaandika kwamba familia hii haipendi nyama.

Wenzetu wa bucha wangeweza kujifunza kitu kutoka kwa muuza usipa. Baadhi yao wamekwisha jifunza. Utumbo, kichwa, miguu na mifupa ya supu huuzwa kwa makisio, na ndivyo vinavyokwisha kwanza asubuhi. Mnofu hubaki ukimngoja mwalimu, karani wa forodha na dereva wa lori. Tangu Sheria ya Nyama ya mwaka 2006 na kuundwa kwa Bodi ya Nyama, mkazo umekuwa juu ya vigae vyeupe, vyandarua vya madirishani, na misumeno badala ya magogo na mashoka. Hayo ni mema, wala hatuyapingi. Lakini kila kigae kina bei yake, na bei hiyo hulipwa na yule anayenunua robo.

Kuna jambo la pili ambalo mtu wa mjini halifikirii. Ng'ombe ni mnyama mkubwa, na kijiji ni kidogo. Akichinjwa alfajiri, kilo zake mia na zaidi za nyama hazina budi kwisha kabla ya jua kuzama, maana joto la Kyela halina subira na si kila bucha lina jokofu. Kwa hiyo mwenye bucha hachinji mpaka awe na hakika kwamba wanunuzi wapo. Katika miezi ambayo fedha zimekauka mifukoni, hachinji kabisa, au huchinja mara moja kwa juma. Siku hizo hata mwenye fedha hakuti nyama. Hivyo umaskini wa wengi humnyima nyama hata tajiri mmoja aliye kati yao, jambo ambalo matajiri wetu wangelitafakari. Mnyama mdogo hana taabu hiyo. Mbuzi hugawanyika kwa majirani, kuku huliwa na nyumba moja, na nguruwe yu katikati. Ukubwa wa mnyama ni sehemu ya uhitaji wake, ingawa vitabu vingi vya uchumi havilitaji.

Kalenda nayo ni bwana mkubwa. Mpunga wa Kyela huvunwa masika yakiisha. Miezi ya mavuno, bucha hufunguliwa kila siku, mishikaki huchomwa kandokando ya barabara, na vijana hujiona waungwana. Ikija miezi ya kupanda na ya mafuriko, usipa na majani ya maboga hurudi kwenye enzi yao. Kakao imeongeza msimu wa pili wa fedha. Mwaka 2024 bei ya kakao katika masoko ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halijapata kuonekana, na mkulima wa Kyela aliyekuwa na mikakao michache shambani akajikuta ana fedha ambazo baba yake hakupata kuziota. Yaliyofuata hayakuhitaji mhamasishaji. Mwaka 2025 bei hiyo ikaporomoka, na mwenye bucha akajua kabla ya gazeti kumwambia. Anayetaka kufahamu ulaji wa nyama pale Katumba Songwe na atazame kwanza mbao za bei ya kakao na hali ya mpunga, ndipo aende kuhesabu ng'ombe.

Ama mila, inafanya kazi yake kwa njia ambayo wageni huielewa kinyume. Godfrey na Monica Wilson, wanazuoni walioishi na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu jinsi ng'ombe alivyokuwa uti wa maisha ya watu hawa. Kwa ng'ombe mtu alioa, kwa ng'ombe alimzika baba yake, na nyama iliyoliwa msibani iligawanywa kwa utaratibu uliotambulisha nani ni ndugu wa nani. Ng'ombe hakuchinjwa kwa sababu mtu ana hamu ya nyama. Alichinjwa kwa sababu lipo jambo. Mambo mengi yamebadilika tangu wakati huo, lakini hata leo anayekwenda msibani Kyela atakuta sufuria za wali na nyama, na ukoo ambao haukuweza kulisha waombolezaji husemwa kwa miaka. Viongozi wa dini na wa Serikali wamehimiza mara kwa mara gharama hizo zipunguzwe, na wana sababu. Hata hivyo, mchumi asisahau kuuandika msiba katika hesabu zake. Mtu aliyekula usipa miezi miwili huenda amekula nyama ya ng'ombe mara tatu katika miezi hiyo, zote katika matanga ya wengine, na hakutoa shilingi buchani. Wastani wa kilo 15 umeficha ndani yake maisha ya namna hiyo.

Sasa tufike kwa mnyama ambaye sisi wa visiwani hatupendi hata kumtaja. Mwandishi wa safu hii alisomeshwa chuoni kabla ya kupelekwa skuli, na hukumu ya nguruwe anaijua tangu alipokuwa akihifadhi juzuu ya kwanza. Lakini mtumishi wa umma haruhusiwi kufumba macho mbele ya jambo linalolisha na kusomesha watoto wa wananchi anaowatumikia. Wengi wa watu wa Kyela ni Wakristo, watoto wa misheni za Kimoraviani na za Kilutheri zilizofika Unyakyusa mwaka 1891, na nyama ya nguruwe kwao ni halali na ni tamu. Huitwa kitimoto, huitwa mdudu, na wenye mzaha humwita mbuzi katoliki. Majina haya ya kujificha yametoka mijini, mahali ambapo Muislamu na Mkristo hukaa meza jirani.

Kwa nini nguruwe amestawi hivyo katika nchi ya ng'ombe? Jibu limo katika mashine za kukoboa mpunga. Penye mchele mwingi pana pumba nyingi, na pumba pamoja na maganda ya ndizi ndicho chakula cha nguruwe. Ng'ombe anataka malisho, na uwanda wa Kyela umekwisha jaa mashamba na watu. Jike la nguruwe huchukua mimba kwa miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, huzaa watoto wengi kwa mpigo mmoja, na watoto hao huwa tayari kuuzwa kabla mwaka haujatimia. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, huzaa mmoja, na mmoja huyo hungojwa miaka. Kwa mwanamke asiye na ardhi ya kutosha wala urithi wa ng'ombe, ambao kwa mila walipita mikononi mwa wanaume, banda la nguruwe nyuma ya nyumba ndiyo benki yake. Ada ya shule ikidaiwa, mmoja huuzwa. Nyama hiyo hukaangwa au kuchomwa kibandani pamoja na ndizi, huuzwa kwa vipande, na kijana mwenye fedha kidogo huondoka ameshiba. Kwa hiyo yale tuliyoyaona kwa usipa yanajirudia: nyama inayogawanyika kwa mfuko mdogo ndiyo inayonunuliwa.

Lakini benki hiyo yaweza kufilisika kwa juma moja. Mwaka 2010 homa ya nguruwe ya Afrika ililipuka katika Wilaya ya Kyela, na katika miaka miwili iliyofuata ikasafiri kwa barabara kuu kupitia Mbeya hadi Morogoro na Dar es Salaam. Ugonjwa huu haumdhuru binadamu hata kidogo. Lakini kwa nguruwe hauna dawa, na katika zizi lililoingiwa ni wachache mno wanaopona. Wataalamu walipochunguza virusi vile walikuta ni vya ukoo uleule uliovuka kutoka upande wetu wa Afrika hadi Georgia mwaka 2007, ukaenea Urusi na Ulaya, na mwezi Agosti 2018 ukatangazwa China. Huko China, uzalishaji wa nyama ya nguruwe ulishuka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano mwaka 2019, bei ikapanda maradufu, na mamilioni ya walaji wakahamia kwenye kuku. Hivyo mama wa Katumba Songwe na mkulima wa China wamepigwa na adui mmoja, mmoja wao akiwa ametangulia miaka minane kuonja machungu.

Uenezaji wenyewe ndio unaotuhusu sisi wenye dhamana. Mfugaji akimwona nguruwe wake wa kwanza amezubaa na masikio yamekuwa mekundu, ana njia mbili. Akimwita bwana mifugo, karantini itatangazwa, biashara itafungwa, na wale wazima waliobaki atawapoteza bila ya kulipwa kitu. Akinyamaza na kuwauza upesi usiku huohuo kwa mchuuzi mwenye pikipiki, atapata japo nusu ya bei. Mtu mwenye watoto shuleni atachagua ipi? Nyama ya bei ya kutupa humiminika mjini, walaji hushangilia rahisi isiyo na sababu, na virusi husafiri ndani ya vipande vya nyama mpaka kwenye mabaki yanayotupiwa nguruwe wa wilaya nyingine. Mwezi mmoja baadaye bei hupaa, wanunuzi hugeukia ng'ombe na kuku, na bei za hao nazo hupanda. Hata Muislamu asiyemgusa nguruwe hulipa sehemu ya hasara hiyo, buchani kwake.

Hofu ni nguvu nyingine ambayo haiandikwi vya kutosha. Mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007 homa ya Bonde la Ufa ilizuka Kenya na kisha Tanzania, na zaidi ya watu 140 wakafariki nchini mwetu. Watu wengi waliacha nyama ya ng'ombe na ya mbuzi kwa siku moja, hata katika miji ambayo haikuwa na mgonjwa. Kuku na samaki wakapanda bei, na wenye mabucha wakakaa wakipepea nzi. Hatari kubwa ilikuwa kwa mwenye kuchinja, kuzalisha au kukamua mnyama mgonjwa, na kwa aumwaye na mbu, kuliko kwa mwenye kula nyama iliyoiva barabara. Lakini taarifa ilichelewa, na uvumi haukuchelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 juu ya watu wa Mkoa wa Mbeya ulionyesha kwamba katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kwenye uwanda huuhuu wa Kyela, watu wapatao 29 katika kila 100 walikuwa na dalili katika damu kwamba waliwahi kuambukizwa. Maana yake ni kwamba ugonjwa ulikuwa ukiishi kimyakimya bondeni, pasipo mtu kuutangaza, huku nyama ikiliwa kama kawaida. Mlaji humwogopa adui aliyetajwa redioni, na huishi kwa amani na yule asiyetajwa.

Ndipo tunapofika kwenye suala gumu, nalo ni la nani achinje. Bara, kwa desturi ya miaka mingi, nyama ya kuuzwa kwa watu wote huchinjwa na Muislamu, ili kila mtu aweze kuila. Desturi hiyo ilidumu bila ugomvi kwa sababu ilimfaa mwenye bucha, naye hakutaka kupoteza mteja hata mmoja. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere katika Mkoa wa Geita, ubishi juu ya jambo hili uligeuka kuwa mapigano, na kiongozi mmoja wa kanisa akauawa. Mwezi Aprili mwaka huohuo vurugu za asili hiyohiyo zikatokea Tunduma, si mbali na Kyela, hata polisi wakalazimika kutumia mabomu ya machozi. Wako waliosema kwamba hiyo ni vita ya dini. Sisi tunaona kwamba ilikuwa pia vita ya bucha, na kwamba wanasiasa wadogo wa pande zote mbili walipata kuni za kuchochea moto wao.

Tuliwahi kuzungumza na mzee mmoja wa Katumba Songwe, Mkristo, aliyekuwa na bucha ujanani mwake. Tulimwamkia, akaitikia, tukamuuliza kama hakuchukia kumlipa mchinjaji Muislamu kila alfajiri.

"Mwanangu," alisema, "nilikuwa nikiuza nyama. Karani wa forodha ni mtu wa Tanga, mwalimu mkuu ni mtu wa Kilwa, na wale wa malori nusu yao ni Waislamu. Nikiwapoteza hao, ng'ombe analala bucha. Mimi nilikuwa namlipa yule bwana kama nilivyolipa mwenye mizani."

Jawabu hili lina hekima kuliko maazimio mengi. Kwa mnunuzi, uchinjaji ni sehemu ya ubora wa nyama, kama ulivyo ulaini wake. Waislamu wawili katika kijiji cha watu mia wanaweza kuamua namna ng'ombe mzima anavyochinjwa, kwa sababu hao wawili wasipokula, ng'ombe hauziki wote. Mambo yaliharibika pale jambo la maafikiano ya soko lilipotamkwa kama haki ya kundi moja juu ya jingine. Kwa upande wa pili, Mkristo anayetaka nyama aliyoichinja mwenyewe, akaiuza kwa kuitaja hivyo bila ya kumdanganya mtu, hatuoni amemdhulumu nani. Dhuluma ni udanganyifu. Kinachotakiwa na Muislamu ni hakika, wala si enzi juu ya machinjio.

Na katika habari ya hakika, liko jambo moja ambalo ndugu zetu Waislamu wengi hawalijui. Katika Mkoa wa Mbeya na katika Wilaya ya Mbozi, wataalamu wamekuwa wakionya kwa miaka mingi juu ya tegu wa nguruwe, mnyoo ambaye mayai yake yakiingia katika mwili wa binadamu huweza kufanya malengelenge ubongoni na kuleta kifafa. Wengi hudhani kwamba asiyekula nguruwe ameokoka. Sivyo. Anayekula nyama hiyo ikiwa haikuiva hupata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo huyo hutoka kwa haja kubwa, na pasipo na choo huingia katika maji, katika mchicha, na katika mikono ya mpishi. Kifafa chaweza kumshika imamu ambaye maisha yake yote hakupata kuisogelea nyama ile. Kwa hiyo ukaguzi wa nguruwe, mabanda yaliyofungwa na vyoo vya vijijini ni maslahi ya Waislamu kama yalivyo ya Wakristo, na diwani Muislamu anayesema "hayo hayanihusu" amekosea fikihi na amekosea afya.

Turudi nyumbani visiwani kidogo. Sisi tuna tabia ya kuona kwamba uhitaji wetu umekwisha amuliwa na dini na bahari: samaki kila siku, ng'ombe wa Bara kwa Ramadhani na sikukuu, na pweza kwa watalii. Tazameni, hata hivyo, kilichotokea kwa kuku. Bara ilipiga marufuku kuingiza kuku kutoka nje tangu mwaka 2006 kwa hofu ya homa ya ndege. Unguja imekuwa ikila kuku wa barafu kutoka Brazili. Dini ya watu wa Dar es Salaam na wa Mjini Magharibi haikubadilika baina ya bandari hizo mbili. Kilichotofautiana ni sheria ya forodha, na chungu kikaifuata. Hata kuku wa kienyeji, ambaye kila mtu huapa kwamba ndiye mtamu, huliwa na wale wanaoweza kulipia utamu huo. Wengine husifu wa kienyeji kwa mdomo na kununua wa barafu kwa mkono. Na ng'ombe anayeshuka jahazini kwa ajili ya marikiti ya Darajani ametoka katika minada ya Bara, kwa hiyo karantini ikiwekwa huko, sisi ndio tunaopunguziwa mchuzi. Katumba Songwe si mbali kama ramani inavyosema.

Wako wenzetu katika Chama watakaosema dawa ni bei elekezi. Tunawakumbusha kwa upole kwamba tulikwisha pita njia hiyo. Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973, na vitu vingi vikapangiwa bei. Nia ilikuwa njema, kumkinga mfanyakazi na mlanguzi. Lakini ng'ombe ana miguu, na aliyepangiwa bei ndogo mjini alikwenda kwa miguu yake mahali asikopangiwa bei, hata kuvuka mpaka. Kiwanda cha Tanganyika Packers pale Kawe, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa nyama ya kopo, nacho kiliishia kukosa ng'ombe katika nchi iliyojaa ng'ombe. Pale Katumba Songwe, ambapo mto tu ndio unaotenganisha shilingi na kwacha, amri ya bei inayoandikwa Dodoma huwa ni zawadi kwa mchuuzi wa Karonga, na mwaka mwingine kinyume chake.

Tusisahau ziwa. Mbasa, samaki mkubwa apandaye mito ya Kyela kutaga mayai, alikuwa kitoweo cha heshima cha watu wa bonde. Leo amo katika orodha ya dunia ya viumbe vilivyo hatarini, kwa kuwa hutegwa mitoni akiwa na mayai tumboni, na mito yenyewe imejaa udongo wa mashamba ya mlimani. Upande wa Malawi, usipa sasa ndio sehemu kubwa ya samaki wote wanaovuliwa, baada ya chambo kupungua. Mtu akiona soko limejaa usipa asidhani kwamba watu wa ziwa wamebadili ladha. Wanakula kilichobaki. Na usipa nao ukija kupungua, yule mama mwenye shilingi elfu mbili hataingia buchani. Atarudi kwenye maharagwe, na watoto wake watapungua damu.

Kwa hiyo kwa wenye ofisi tunasema haya. Fedha zinazotengwa kwa makongamano ya kuhamasisha ulaji wa nyama zipelekwe mahali patatu. Kwanza, bwana mifugo wa kata apewe mafuta ya pikipiki, kwa maana tumemwona aliye nayo pikipiki imesimama ukutani tangu mwezi wa bajeti. Pili, majokofu madogo yawekwe katika mabucha ya vijijini penye umeme, kwa mkopo wa vyama vya ushirika vilevile vinavyouza kakao, ili ng'ombe aweze kuchinjwa hata katika miezi ya dhiki. La tatu ndilo zito, nalo ni fidia. Mfugaji atakayetoa taarifa ya homa ya nguruwe siku ya kwanza alipwe sehemu ya thamani ya nguruwe wanaouawa kwa amri. Wako watakaouliza iwapo ni haki fedha za umma, zikiwamo za Waislamu, kulipia nguruwe. Tumeulizwa swali hilo na watu tunaowaheshimu, na tumewajibu kwamba fedha hizo hazinunui nguruwe. Zinanunua taarifa, nayo taarifa hiyo humlinda hata mnunuzi wa ng'ombe.

Siku tuliyoondoka Katumba Songwe tulimpita mama mmoja akimimina pumba bandani. Alikuwa na majike mawili, na alituambia kwamba zamani alikuwa na tisa. Tulimuuliza kama aliwahi kumwita bwana mifugo wakati ule wa maradhi. Akacheka, akafuta mikono kwa kanga yake, akatukaribisha ndizi.

"Nilimwita, mwanangu," alisema. "Alikuja wa nne alipokuwa amekwisha kufa. Aliandika kwenye daftari, wote tisa, na rangi zao."

Daftari hilo, bila shaka, liko katika ofisi fulani hadi leo.